Mgawaji Asiyekuwa na Kwao

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko kazini, vuta kiti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona, lakini huenda kuna ndugu yako asiyeona ambaye amefaidi kazi yake.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Watu walimwita Fundi Meno, naye aliitikia. Amefariki mwezi uliopita kwa maradhi ya figo, akiwa nyumbani kwa mdogo wake wa kike, alikokuwa akiishi. Hakuolewa. Ameacha mdogo wake huyo, shemeji yake, na watoto wao waliomwita mama mkubwa.

Meno yalimpa riziki. Lakini kuna kazi nyingine aliyoifanya bila malipo, na hiyo ndiyo iliyotuleta hapa.

Ipo jumuiya ya watu wanaosoma vitabu kwa sauti na kujirekodi, ili wasioona wapate kuvisikia. Hawalipwi. Wamo makondakta, wauguzi, wauza duka, walimu, watu wa kila namna. Wamegawanyika katika makundi manane ya kanda. Kila mwaka wanafanya mkutano mmoja mkubwa, wasomaji pamoja na wale wanaosomewa. Wafadhili wanachangia mfuko wa nauli, lakini mfuko haujawahi kutosha wote. Lazima mtu aamue nani asafiri, nani abaki.

Mtu huyo alikuwa Fundi Meno. Aligawa nauli za wengine, na yeye mwenyewe hakusafiri. Tutalirudia hilo, wasikilizaji, maana habari yote ya leo imekaa hapo. Aligawa, na hakusafiri.

Tulikwenda kuiona karakana yake. Iko nyuma ya kliniki ya meno, mlango wa mwisho kwenye korido, ukishapita stoo ya mifagio. Ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Dirisha lipo, ila linatazama ukuta wa jengo la jirani, tena kwa karibu mno. Rafu zimejaa taya za plasta, nyeupe, zimekenua kila upande. Harufu ya nta bado imo humo.

Karani wa mapokezi amefanya kazi naye tangu kliniki ifunguliwe. Alisimama nasi mlangoni, maana watatu hatukuenea ndani.

"Alikuwa mpole, lakini ukicheka mbele yake umekwisha," alituambia. "Unacheka, yeye anakuangalia kinywani. Kesho yake anakuuliza, lile gego la nyuma kushoto unalingojea nini?"

Karani akatuonyesha meza. Kwenye kona ya meza kuna taya nane, kando na zile za wateja. Hizo ndizo zilikuwa makundi. Taya pana kuliko zote ni kundi la mji mkuu. Ile iliyopungukiwa meno ya mbele ni kundi la milimani, lenye watu wachache. Ukifika msimu wa mkutano, Fundi alichukua njiti za kiberiti, kila njiti nafasi moja ya kusafiri, akaziweka juu ya taya. Anaweka, anatazama, anaondoa. Anaendelea kusugua meno ya mteja, anarudi, anahamisha njiti moja. Siku kadhaa zinapita hivyo. Aliyesafiri mwaka jana anasubiri. Anayetoka mbali anatangulia. Anayehitaji msindikizaji, msindikizaji anahesabiwa. Ambaye hajawahi kwenda hata mara moja, huyo njiti yake haiguswi.

Taya zilikuwa nane, lakini alizokuwa akiziwekea njiti ni saba. Ya nane ilikuwa ya kundi la mji wake mwenyewe, nayo ilikaa bila kitu mwaka hadi mwaka.

Kwa nini? Turudi nyuma kidogo.

Mkutano wa kwanza wa jumuiya ulifanyika katika ukumbi wa shule, na makundi yote yalifika kwa nauli zao. Huko ndiko walikotangaziwa kwamba sasa kuna mfuko. Basi furaha ikageuka ugomvi kabla ya chai. Kundi la mji mkuu likasema tugawe kwa idadi ya watu, maana wao ndio wengi. Kundi la milimani likasema kwa idadi ya watu wao hawatapata hata nusu ya mtu. Mwingine akasema tugawe sawasawa. Akaulizwa, sawasawa vipi, ninyi mko watano na wenzenu wako themanini? Mwingine akasema tupime umbali. Wa karibu wakanuna, wakauliza kama kosa lao ni kuzaliwa karibu.

Mdogo wake Fundi alikuwepo. Alikuwa msomaji katika kundi hilo hilo la dada yake, na siku hiyo walikaa ubavu kwa ubavu. Yeye ndiye aliyetusimulia.

"Dada alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Dada hapendi kelele. Mara nikamwona anasimama. Akasema, nipeni mimi nigawe. Kundi letu halitachukua nafasi yoyote, kwa hiyo hamtakuwa na sababu ya kuniogopa. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nikamfinya paja. Nikamnong'oneza, kundi letu, dada? Umemuuliza nani?"

Hakumuuliza mtu. Alitaka ugomvi uishe, na ukaisha. Alitoa haki yake, na kwa mkono huo huo akatoa haki ya wenzake wote wa mji wake. Hatudhani aliliona hilo pale pale. Alituliza ukumbi, akakaa, watu wakaja kumpa mkono.

Kwa miaka iliyofuata, wasikilizaji wapendwa, hakuna kundi kati ya yale saba lililosema limeonewa. Walikasirika, ndiyo. Walipiga simu, ndiyo. Karani anasema msimu wa kugawa ukifika, simu ya mapokezi ilikuwa ya Fundi kuliko ya wagonjwa. "Mtu anang'olewa jino huku, kule naitwa na kundi la bandarini, wanataka kujua kwa nini wamepunguziwa. Nilimwambia daktari tuweke bango, hapa tunang'oa meno na tunagawa nauli."

Fundi alipokea kila simu. Aliyenyimwa alielezwa na Fundi mwenyewe, kwa sauti ile ile ya chini, kwa nini amenyimwa. Wengi walimaliza simu wakiwa bado wamekasirika, lakini wakimwamini.

Nyumbani, mambo hayakuwa mepesi.

Kundi la mji wake lilikuwa na wasomaji hodari. Walirekodi usiku na mchana, kila mtu kwa namna yake. Mmoja alirekodi ndani ya gari lake bovu lisilotembea, maana lina ukimya. Mdogo wake Fundi alirekodi ndani ya kabati la nguo, amening'iniza mablanketi pande zote, na taa ndogo ya betri. Mumewe, yaani shemeji yake Fundi, alikuwa akigonga mlango wa kabati na kuuliza kwa heshima kama anaweza kupata shati lake la kazini.

Lakini wakati wa mkutano ulipofika, wengine walifunga safari, wao walibaki. Mwaka wa kwanza walijivuna. Mwaka wa pili walitania. Baadaye mzaha ukaisha. Kijana mmoja fundi umeme alihamisha jina lake kwenda kundi la jirani, na mwaka huo huo akasafiri, tena kwa nafasi aliyopewa na Fundi huyo huyo. Akafuatwa na mwingine. Kundi likazidi kupungua.

Tarishi wa posta, ambaye alibaki, alimwambia siku moja kwenye kikao chao: "Fundi, sisi tumekuwa wapishi wa karamu. Kila mtu anatusifu, hakuna anayetuita mezani."

Fundi alimjibu, "Najua, kaka."

"Unajua, halafu?"

"Halafu sijui."

Alijaribu kuondoka. Hilo tunataka lieleweke: alijaribu, na si mara moja. Aliona njia ni nyepesi. Akiacha kugawa, kundi lake litarudi kwenye hesabu kama mengine. Akampigia mwenyekiti wa jumuiya, akamwomba amtafute mwingine.

Mwenyekiti ni mfamasia, mtu wa maneno mazuri. Hakukataa kutueleza alivyomjibu. "Nilimwambia, Fundi, nimtafute wapi? Nikimteua mtu wa mji mkuu, milimani watagoma. Nikimteua wa milimani, bandarini hawaji. Kila mtu ana kwao. Wewe peke yako ndiye huna kwenu. Ndiyo maana tunakuamini."

Alisema hivyo kwa nia ya kumsifu. Sisi hatumlaumu. Lakini jioni ile Fundi alirudi nyumbani, akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu, akamwambia mdogo wake, "Leo nimeambiwa sina kwetu."

"Nilicheka," mdogo wake anasema. "Nilidhani ananitania. Nikamwambia, kama huna kwenu, basi lipa kodi ya kile chumba. Hakucheka. Nikatazama uso wake, nikainama kumvua viatu."

Safari nyingine alipoomba kuachia, makundi saba yalimtumia ujumbe wa kumsihi. Safari nyingine walimzawadia saa ya ukutani. Karani anasema aliitundika pale karakana, kwenye ukuta usio na dirisha, kisha akaishusha, maana mlio wake ulimsumbua.

Sasa tufike kwenye mwaka juzi.

Mdogo wake Fundi ana kipaji cha vitabu vikubwa. Kitabu kikiwa kinene kiasi cha kutisha, anapewa yeye. Jumuiya nzima inamwita Vinene, na wala si kwa umbo, mwenyewe anapenda kulisema hilo. Anakiingiza kitabu kabatini, miezi inapita, anakitoa kimesomwa chote. Ana desturi ya kuvuta pumzi ndefu kabla ya kila sura mpya, na hajawahi kuikata kwenye rekodi.

Mwaka juzi, chama cha wasioona kilileta ujumbe wa sauti kwa Fundi Meno. Aliusikiliza karakanani, karani akiwa mlangoni na chai. Zilikuwa sauti nyingi, za wazee na za vijana, zikipokezana. Walisema, tunamwomba yule wa vitabu vinene. Yule anayevuta pumzi. Tumeishi naye masikioni miaka yote hii. Mwaka huu tunaomba aje mkutanoni, tumshike mkono.

"Fundi aliusikiliza mara mbili," karani anasema. "Halafu akaniuliza, wewe ungefanyaje? Nikamwambia, mimi ningempa mdogo wangu nafasi na kelele zije baadaye. Akasema, ndiyo, wewe ungeweza."

Hapo ndipo alipobanwa kweli. Akimpa mdogo wake nafasi, atakuwa amevunja neno lililofanya aaminiwe, na mtu wa kwanza kufaidi uvunjaji huo ni wa damu yake. Asipompa, anamnyima mtu ambaye kwa kipimo chake mwenyewe alistahili. Hajawahi kwenda hata mara moja. Kama angekuwa wa kundi lolote jingine, njiti yake isingeguswa.

Alitafuta mlango wa pembeni. Alimwambia mdogo wake, "Nitakulipia mimi, kwa mshahara wangu. Nenda."

Waliyazungumza hayo jikoni, shemeji akiwa anaosha vyombo, naye ni shahidi. Mdogo mtu alifunga bomba ili asikike.

"Dada, wenzangu wanapelekwa na jumuiya. Mimi nipelekwe na dada yangu?"

"Nauli ni nauli, mdogo wangu."

"Ingekuwa hivyo, ungekuwa umemlipia na tarishi. Ungekuwa umetulipia wote. Mimi sitaki kwenda kwa huruma yako. Nataka kwenda kwa sababu nimesoma."

Shemeji alijaribu kuleta mzaha, akasema basi wamtume yeye, atavuta pumzi na kurudi. Hakuna aliyecheka.

Basi akashika njia iliyobaki. Aliwapigia viongozi wa makundi yote saba, mmoja baada ya mwingine. Aliwaeleza wazi. Kwamba ni mdogo wake. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga kundi lake, bila kuliuliza, na sasa anaomba wamfungulie. Kwamba nafasi hiyo moja itatoka ndani ya zile zile, kwa hiyo kundi moja litapungukiwa.

Mji mkuu wakasema, anastahili kabisa, ila isitoke kwetu. Milimani wakasema, huyo dada tunampenda sana, ila isitoke kwetu, sisi ni wachache. Bandarini wakasema hivyo hivyo. Wote saba wakakubali, na wote saba wakasema isitoke kwetu. Na wawili wakaongeza kwa upole: Fundi, ukianza na wa nyumbani kwako, sisi tutawaambia nini watu wetu?

Karani anakumbuka simu ya mwisho. Fundi aliweka mkono wa simu chini taratibu, akachukua meno ya mteja aliyekuwa akiyatengeneza, akaendelea kuyasugua. Yalikuwa yameshakamilika. Aliendelea kuyasugua mpaka karani akamwambia, "Fundi, utayamaliza."

Nafasi ile ya mwisho ilikwenda kwa muuguzi wa milimani ambaye hakuwahi kusafiri. Uamuzi wa haki. Vinene alibaki nyumbani. Fundi alimweleza mwenyewe, kama alivyowaeleza wengine wote, isipokuwa huyu hakumpigia simu. Alikwenda akakaa sakafuni nje ya kabati, akasubiri sura iishe.

"Nilimsikia amekaa pale," anasema mdogo wake. "Nikaisoma sura ile polepole makusudi. Nilipofungua, akasema, si kwamba hustahili. Nikamwambia, dada, hayo waambie wa bandarini. Ndilo neno baya nililowahi kumwambia. Aliinuka, akaenda kulala."

Tulimuuliza kama walipatana.

"Tulikuwa tunakaa nyumba moja, tunakula sahani moja. Hatukugombana tena. Lakini lile jambo halikuondoka. Lilikaa nasi mezani kama mgeni ambaye hakuna anayejua jinsi ya kumwambia aende."

Mwaka jana figo zikaanza kumsumbua. Fundi aligawa nauli za mwaka ule akiwa kitandani, taya zikiwa juu ya trei ya chai, na kundi lake halikupata kitu. Mwezi uliopita akafariki. Aligawa nauli za wengine miaka yote ile, na hakusafiri.

Siku ya maziko, makundi yalituma wawakilishi. Ua wa nyumba ulijaa, viti vikaazimwa kwa majirani. Mwenyekiti akasimama, macho mekundu, akasema jumuiya imekaa na imekubaliana. Kwa heshima ya marehemu, mwaka huu Vinene atasafiri. Makundi yote saba yamejipunguza kidogo kidogo, na nafasi imepatikana.

Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Baadhi wakalia.

Mdogo wake Fundi akasimama. Tarishi alikuwa karibu naye, anasema sauti yake ilikuwa imara, sauti ile ile wanayoijua wasioona.

"Mwenyekiti, ahsante. Ahsanteni nyote. Kumbe inawezekana. Mwaka juzi dada yangu aliwapigia mmoja mmoja, haikuwezekana. Leo amekufa, imewezekana. Basi hiyo ni rambirambi. Mkinipa kama rambirambi, naomba mnisamehe, siwezi kuipandia gari."

Mwenyekiti akasema, "Dada yetu, sisi tulikuwa na nia njema."

"Najua, mwenyekiti. Hata dada alikuwa na nia njema siku ile ukumbini. Ninachoomba ni hiki. Rudisheni nafasi hiyo mezani na nyingine zote. Kundi letu liombe kama makundi mengine. Tukipata, tumepata. Tukikosa, mtueleze kwa nini."

Mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, na nani atagawa sasa?

Akamgeukia. "Kaeni nyote, mgawe wenyewe. Mgombane mkitazamana. Msitafute tena mtu asiye na kwao. Hayupo mtu wa namna hiyo. Dada yangu alikuwa na kwao, na kwao ni hapa."

Kisha akakaa. Hakukuwa na makofi.

Wasikilizaji wapendwa, tungependa kuwaambia kwamba mambo yamekaa sawa. Hayajakaa. Makundi manane yamekutana mara mbili tangu maziko. Mara ya kwanza waliondoka bila kuagana. Mara ya pili walifika saa sita mchana hawajagawa hata nafasi moja, wakatuma watu kuleta chakula, wakaendelea. Tarishi wa posta alikaa mezani kwa niaba ya mji wake. Anasema hoja zake tatu zilikataliwa, na alirudi nyumbani akiwa amechoka na mwenye furaha. Nafasi za mwaka huu bado hazijagawiwa. Vinene ameomba kama wengine. Hajui kama atapata, nasi hatujui.

Kwa mdogo wake Fundi, kwa shemeji, kwa watoto wanaomlilia mama mkubwa wao, kwa wafanyakazi wenzake wa kliniki, na kwa wasomaji wote wa makundi yote manane, tunatoa pole zetu za dhati. Mmepoteza mtu aliyewasikiliza wote. Mungu awape subira.

Na kwako wewe unayetusikiliza. Huenda katika ukoo wenu, katika kikundi chenu, kazini kwenu, yupo mtu mmoja ambaye mnamkabidhi kila kitu agawe kwa sababu hajawahi kuomba kitu. Mnamsifu. Mnampa saa ya ukutani. Leo usimsifu. Mtafute, umuulize yeye anataka nini. Akikujibu hataki kitu, usiondoke. Kaa kidogo, umuulize tena.